Majani ya Kuchomeka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kujaza pipa la maji na kumwamsha Mama. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Zamani Mama ndiye aliyekuwa akiamsha nyumba nzima, tena kwa fujo, huku akigonga mfuniko wa sufuria. Tangu Baba afariki, alikuwa akilala ameugeukia ukuta, na hata akiamka ulikuwa unaamka mwili tu. Alikaa kwenye cherehani, akakanyaga, akashona, akapinda nguo za watu, na jioni ukimuuliza leo ameshona nini, ilibidi ageuke kwanza atazame.

Chiriku halikuwa jina lake la cheti. Alipewa na Baba kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Shuleni mwalimu alimhamisha dawati mara kadhaa ili anyamaze, na kila alikohamia, waliokuwa wapole nao wakaanza kuongea. Lakini siku hizi hata yeye alikuwa amepunguza maneno. Alikuwa ameongea mbele ya Mama mpaka akachoka, bila kupata hata tabasamu la nusu.

Mlangoni, pembeni ya ngazi, palikuwa na mtapo. Ukiuona kwa mbali utaapa ni mnazi uliogoma kukua. Shina lake nene, lenye magamba, lilimfika Chiriku gotini, na majani yake marefu yalijitandaza juu kama mwavuli. Hata hivyo mtapo si mnazi, wala hawana undugu wowote. Majani yake ni magumu na yanachoma. Ukipita karibu yake bila adabu utaondoka na mikwaruzo. Baba alikuwa mtunza bustani za watu. Aliupanda siku alipomleta Mama katika nyumba ile ya kupanga, ukiwa mdogo kama kitunguu. Tena mtapo hauna haraka. Mwaka unaweza kupita nao haujaongezeka hata upana wa kidole. Mama alizoea kumtania Baba kwamba yeye ameolewa na wavivu wawili, mmoja analala ndani na mwingine anasimama mlangoni.

Sasa Baba hakuwapo, na picha zake zilikuwa mbili tu, zote amefumba macho. Kilichobaki cha kumkumbuka ni mtapo ule.

Ndipo mwenye nyumba alipokuja kusema anataka kuvunja na kujenga ghorofa, na kwamba wawe wamehama kabla ya mvua. Mama hakubishana. Aliuliza neno moja tu.

"Na mtapo?"

"Mtapo gani?" akauliza mwenye nyumba, naye alikuwa amesimama karibu nao kiasi kwamba majani yalimgusa begani.

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Kesho yake akampigia simu kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kitalu cha miche upande wa pili wa mji.

Mjomba alikuja na kisu, gunia na maneno machache. Aliuzunguka mtapo, akapiga magoti, akafukua kidogo kwenye tako la shina.

"Dada, kuung'oa wote inawezekana, lakini itabidi tuchimbe mpaka chini ya ngazi. Ukuta ukipata ufa, huyu bwana atatudai nyumba nzima. Tuanze na hiki kwanza." Akaonyesha kitoto cha mtapo kilichokuwa kimejibandika ubavuni mwa mama yake, kikubwa kama ngumi. "Kikishika, mti wenu mnao. Kisiposhika, nitakuja na vijana tuung'oe huu mkubwa, ukuta na uanguke."

Alikikata taratibu, akakata na majani yake yote mpaka kikabaki kipara.

"Mjomba, mbona umekinyoa?" Chiriku akashtuka.

"Hakina mizizi, mpwa wangu. Majani yanataka kunywa, na chenyewe hakina mdomo. Tukiyaacha, yatakinyonya mpaka kikauke." Alipaka majivu pale kilipokatwa, akakiweka kivulini juu ya gunia. "Kikae hivi mpaka kidonda kikauke vizuri. Ukikipanda na kidonda kibichi kitaoza. Na unawe mikono, mti huu una sumu, mbegu zake hasa. Ukimwona mtoto yeyote anaziweka mdomoni, piga kelele."

Kidonda kilipokauka, Mjomba alirudi akakipanda kwenye kopo kubwa la rangi lililotobolewa chini, kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo, nusu ndani, nusu nje.

"Sasa sikiliza vizuri. Maji kidogo tu, mara moja moja, mchanga ukikauka kabisa. Kinaweza kukaa hivi miezi bila kuonyesha chochote. Usikiguse, usikisogeze, usikichungulie mizizi. Kazi yako ni kutofanya kazi."

"Hiyo naiweza," akasema Chiriku.

Mjomba alimtazama Mama, na Mama akamtazama Mjomba. Wote wawili walimjua mtoto wao.

Siku za mwanzo hazikuwa na shida. Shida ilianza Mama alipoanza kuuliza. Jioni, baada ya kufunika cherehani, alikuwa akisema bila kuinua macho, "Kimeota?" Kwa siku nzima hilo ndilo swali pekee alilouliza kwa hamu. Hakuuliza habari za shule wala za mtihani. Chiriku akijibu "Bado, Mama," aliyaona mabega ya Mama yakishuka, na usiku ukawa mrefu kwao wote.

"Labda kimeshakufa," alisema rafiki yake, msichana wa nyumba ya jirani, ambaye kwa urefu wake kila mtu alimwita Twiga. Walikuwa wamechuchumaa mbele ya kopo. "Ona kilivyo. Kama kiazi kilichosahaulika."

"Mjomba kasema kinakaa hivyohivyo."

"Sasa utajuaje kama ni kizima au ni maiti? Kivute kidogo. Kikikataa kutoka, kizima. Kikitoka, kimekufa."

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki kwa mtu aliyekwisha kuchoka kusubiri. Chiriku alikivuta. Kikatoka bila ubishi, na chini yake palikuwa na mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, uliokatika, nusu yake ikabaki ndani ya mchanga.

"Kizima!" akapiga kelele kwa furaha, akakirudisha haraka.

Kesho yake akakivuta tena kuona kama mzizi umeendelea. Haukuwapo. Akafikiri labda kina kiu, akakimwagia maji. Keshokutwa akakivuta, akakimwagia. Mboga za Mama nyuma ya nyumba zilipenda maji, hivyo hakuona kwa nini hiki kichukie. Baada ya muda alipokibonyeza, kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva mno, na harufu iliyotoka ilimfanya ageuze uso.

Chiriku alikaa chini palepale uani. Alijua. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Kitoto cha mtapo wa Baba kilikuwa kimeoza, na aliyekiozesha ni yeye, kwa mikono yake miwili.

Alikipindua ili upande uliooza uwe chini, akafukia mchanga mpaka juu. Jioni Mama akauliza, naye akajibu, "Bado." Neno hilo lilikuwa kweli na uongo kwa pamoja.

Jumamosi moja Mama alikuwa akimpima mteja, sindano mdomoni na futi shingoni, simu ilipolia. Ilikuwa ni Mjomba. Mama akaiweka sauti kubwa juu ya cherehani ili mikono yake iendelee na kazi.

"Dada, nimepata kazi ya kupanda bustani mbali sana. Naondoka wiki ijayo, sirudi mpaka mvua ziishe. Kesho ninaweza kuja na vijana wawili tuung'oe ule mkubwa. Nimeshazungumza na mwenye nyumba, amekubali shingo upande. Lakini kama kitoto kimeshika, haina haja ya kuhatarisha ukuta. Kimeshika?"

Mama akamgeukia binti yake. "Chiriku, kimeota?"

Lilikuwa swali rahisi, na jibu lake lingeokoa kila kitu. Angesema tu, "Mama, kimeoza, nisamehe," na kesho yake vijana wawili wangekuja na majembe. Chiriku aliujua ukweli huo wakati uleule. Lakini uso wa Mama ulikuwa umemwelekea, macho yamefunguka kama zamani, na akahisi hawezi kuyazima kwa mdomo wake.

"Kimeota," akasema. "Leo asubuhi. Kimetoa majani."

"Kweli? Ngoja nimalize kumpima dada huyu, nikaone!"

Chiriku alichomoa mkasi wa nguo, ule ambao haukuruhusiwa kukata hata karatasi, akatoka mbio. Alikata ncha za majani matatu ya mtapo mkubwa. Zilimchoma vidole mpaka damu ikatoka. Akazichomeka kwenye utosi wa kitoto kilichooza, ambacho hakikuleta upinzani wowote, akasawazisha mchanga, akaficha mkasi kwenye sketi.

Mama alikuja, akasimama. Hakuinama mara moja. Kisha akanyoosha kidole akaligusa jani moja kwa woga, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

"Baba yako angecheka," akasema, na yeye mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Akampigia kaka yake, simu ikiwa kwenye sauti kubwa kama mwanzo. "Usijisumbue kesho. Kimetoa majani matatu, mazuri, ya kijani kabisa, magumu."

Mjomba akalirudia neno la mwisho. "Magumu? Majani mapya ya mtapo huwa laini, tena yamejikunja, yana vinyweleo. Chiriku yupo hapo? Mpwa wangu, ni magumu kweli?"

"Yalikuwa laini, Mjomba," akasema Chiriku. "Yamekomaa haraka."

"Haya. Labda ni jua la kwenu. Mungu mkubwa."

Kesho yake asubuhi Chiriku aliamshwa na mlio wa mfuniko wa sufuria. Mama alikuwa jikoni amekoka moto, anakoroga uji, anamlalamikia paka. Hayo ndiyo Chiriku aliyokuwa akiyaomba kila siku, na sasa alipoyapata alijifunika shuka usoni akalia bila sauti.

Walihamia chumba kimoja chenye kibaraza, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Kutwa nzima kuta zilitetemeka, na kila kitu kilikuwa na weupe: madirisha, viatu, nywele. Siku ya kuhama Mama alilipakata lile kopo njia nzima, hakukubali lipakiwe na vyombo. Aliliweka kibarazani, mahali penye kivuli cha asubuhi, na kila mteja aliyekuja na kitambaa chake alionyeshwa. "Mti wa marehemu mume wangu huu. Ulikuwa mkubwa, tumekuja na mtoto wake." Wateja walisifu. Chiriku alikuwa akiingia ndani.

Majani ya mtapo ni magumu kufa, yanaweza kukaa muda mrefu yamekatwa na bado yakawa ya kijani. Lakini hayakai milele. Ncha zilipoanza kugeuka manjano, Chiriku alipitia kwenye nyumba ya zamani akitoka shule, akakata ncha nyingine, na kabla Mama hajafika kibarazani akabadilisha. Alifanya hivyo tena na tena. Kila alipokata alijiambia ni mara ya mwisho, na kila mara alipoondoka alihisi amezidi kuzama.

Siku moja alikuta ua umezungushiwa mabati. Ndani, mafundi walikuwa wakibomoa upande wa nyuma, vumbi limetanda. Mtapo ulikuwa bado umesimama mlangoni.

"Wewe binti, toka humo, utaangukiwa na tofali!" alifoka msimamizi wao, mtu mnene mwenye kofia ngumu.

"Samahani, baba. Huu mti mnaufanyaje?"

"Kesho tunaingia mbele. Kila kilichopo kinaondoka."

Chiriku alirudi akikimbia, na njiani alikuwa ameyapanga maneno yote. Atafika, atasema, wataondoka hapohapo. Alipofika, Mama alikuwa anaimba chini chini huku akipiga pasi. Chiriku akasimama mlangoni.

"Vipi, mbona unahema? Umefukuzwa?"

"Hapana, Mama." Maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. Nitamwambia tukila, akawaza. Walipokula akawaza atamwambia wakilala. Walipolala, akamsikiliza Mama akipumua taratibu, usingizi wa mtu asiye na wasiwasi, na hakuthubutu.

Asubuhi mfuniko ukagongwa. "Amka wewe, jua limetoka, wenzako wako njiani!"

Chiriku alikaa kitandani. "Mama, mtapo umekufa."

"Upi?"

"Huo wa kwenye kopo. Ulikufa kitambo. Niliung'oang'oa, nikaujaza maji, ukaoza. Majani nilichomeka mimi. Na leo wanakata ule mkubwa."

Mama aliweka mfuniko chini. Alikwenda kibarazani, akashika jani la kwanza akalivuta. Likatoka kama mshumaa kwenye keki. Akavuta la pili, na la tatu. Aliyapanga juu ya cherehani, moja pembeni ya jingine, akayatazama. Kisha akachukua mtandio wake akatoka, bila kufunga mlango, na Chiriku akamfuata nyuma kwa miguu mitupu.

Walichelewa. Mlango haukuwapo, wala ngazi. Mtapo ulikuwa umekatwa kwa shoka na kutupwa juu ya rundo la vifusi, majani yamepondwapondwa na magurudumu ya toroli. Shina lililala ubavu katikati ya matofali yaliyovunjika.

Mama alikaa kwenye kifusi. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, na Chiriku alipomsogelea hakumsukuma na hakumshika. Chiriku alitamani apigwe. Hakuna kibao ambacho kingeuma kama ule ukimya.

"Mama, pole," akasema msimamizi, amevua kofia. "Ni wenu huu? Sisi tuliambiwa ni takataka. Kama mnauhitaji chukueni."

Mama alitoa simu, akaibonyeza, akamkabidhi Chiriku bila kumtazama. "Mwambie mjomba wako. Mwambie unachokiona."

Chiriku alimweleza yote, tangu mzizi wa kwanza mpaka shoka.

"Liangalie shina pale lilipokatwa," akasema Mjomba. "Usiniambie ninachotaka kusikia. Likoje?"

Chiriku alipiga magoti. "Upande mmoja jeupe, kama kiazi kilichomenywa. Upande mwingine limepondeka, limekuwa jeusi."

"Mtapo unaweka akiba ya chakula shinani. Siahidi kitu, mpwa wangu, sikiliza vizuri, siahidi. Kateni mpaka mfike kwenye weupe mtupu. Toeni majani yote. Pakeni majivu, kidonda kikauke kivulini kwa muda mrefu kuliko kile cha kwanza. Halafu mchanga. Halafu basi."

Msimamizi mwenyewe alikata kwa msumeno palipopondeka, akawaazima mkokoteni. Mama aliusukuma njia nzima. Chiriku alishika shina lisibingirike.

Kidonda kilipokauka, walilisimamisha kwenye nusu ya pipa lililokatwa. Lilikuwa gogo jeusi lenye magamba, lisilo na jani hata moja. Watoto waliokuja kusagisha walikuwa wakiligonga kwa mateke wakicheka. Vumbi la unga lilitua juu yake kila siku, gogo likaonekana kama kitu cha zamani kilichosahaulika ghalani. Mvua zikaja. Mama akaanza tena kulala ameugeukia ukuta.

"Mama, nipige basi," alisema Chiriku siku moja, amechoka.

"Nikikupiga litaota?"

Chiriku aliinama akaokota vipande vya uzi sakafuni.

"Sina hasira na kitoto kilichooza," Mama akaendelea, akikanyaga cherehani. "Kila mtu ameshaozesha kitu. Lakini nilikwenda nikaligusa lile jani, Chiriku. Nikaongea nalo. Ulikuwa umesimama pale unaniangalia naongea na jani la kuchomeka." Akasimamisha gurudumu. "Sasa, kila Jumamosi utaliangalia hilo gogo. Kwa macho, si kwa mikono. Uje uniambie ulichokiona. Hicho tu."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi Chiriku alilizunguka pipa, akainama, akatazama juu na chini, akarudi ndani. "Hakuna kitu, Mama." Na kila Jumamosi, baada ya kusikia hivyo, Mama aliinuka kwenye cherehani, akatoka, akaangalia mwenyewe. Hakusema kwa nini. Hakuwa na haja. Chiriku alisimama pembeni akingoja ukaguzi uishe, uso unawaka moto.

Jumamosi nyingi zilipita namna hiyo. Twiga, alipokuja kumtembelea, alilitazama gogo akatikisa kichwa. "Hili limekufa, mwenzangu. Mwambie tu mama yako mlitupe."

"Sijui kama limekufa. Nikijua nitamwambia."

"Unaweza ukalichungulia chini kidogo..."

"Twiga, usilisogelee."

Kisha Mama akaugua homa. Alilala siku kadhaa, cherehani imefunikwa, wateja wanarudishwa mlangoni. Chiriku alimpikia uji, akampeleka zahanati akiwa amemshika mkono, akahakikisha anameza dawa mpaka ya mwisho. Jumamosi ilipofika, Mama akiwa bado kitandani, akauliza kwa sauti ya chini, "Umeliangalia?"

Chiriku alikuwa ameliangalia. Upande wa chini, karibu na mchanga, gamba moja lilikuwa limebadilika rangi na kutoa majimaji. Alimtazama Mama alivyokonda. Ilikuwa rahisi kiasi gani kusema hakuna kitu, akamwacha mgonjwa apumzike! Alisimama pale mpaka Mama akageuza kichwa.

"Hakuna jani, Mama," akasema. "Na kuna habari mbaya. Limeanza kulainika chini. Linatoa majimaji, kama kile kitoto."

Mama alifumba macho. Chozi likapita kwenye shavu mpaka kwenye mto. Chiriku alijua amemwumiza, na safari hii hakukimbia.

"Nipe simu," akasema Mama.

Mjomba aliwaelekeza. Chiriku alifukua mchanga kwa kijiko, akakata kile kipande kilicholainika kwa kisu kilichochemshwa, akaendelea kukata mpaka alipoona weupe. Alipaka majivu, akaliacha shimo wazi likauke, akabadilisha mchanga wote na kutoboa pipa matundu zaidi. Mama alimtazama akiwa amekaa mlangoni, amejifunga shuka. "Umewahi," Mjomba aliwaambia. "Mngekawia kidogo tu, lingeisha lote." Hata hivyo hakuahidi kitu, na wao hawakumwomba aahidi.

Mama alipona, cherehani ikaanza kulia tena. Mvua zikaisha, jua likawa kali, gogo likabaki gogo. Chiriku alikuwa ameacha kutumaini. Aliliangalia kwa sababu alikuwa amepewa kazi ya kuliangalia, akaenda kusema "Hakuna kitu" kama mtu anayesema shikamoo.

Halafu Jumamosi moja aliinama juu ya utosi wa lile gogo, akabaki ameinama. Katikati ya magamba makavu palikuwa pametokea kitu kama ngumi ya mtoto mchanga, ya kahawia, yenye manyoya laini. Ndani ya manyoya, vijani vilikuwa vimejikunja, vya kijani hafifu mno, vingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe. Akaurudisha nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine.

Aliingia ndani polepole. Mama alikuwa anapinda suruali ya mtu, na mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta.

"Mama, limeota."

Mguu wa Mama ulisimama juu ya kanyagio. Alimtazama binti yake usoni, akamtazama muda mrefu. Chiriku hakuinamisha macho. Alijua kitakachofuata, akasogea pembeni kumpisha mlangoni.

Mama akavuta simu akampigia kaka yake. "Mtapo umeota," akamwambia.

"Una hakika? Umeyaona majani mwenyewe?"

"Chiriku ameyaona." Akakata simu, akaiweka mezani. "Mwanangu, siku ile uliniletea furaha ya uongo, nikampigia mjomba wako asije, na mti wa baba yako ukakatwa. Nilipokuwa mgonjwa uliniletea habari mbaya, nikalia, lakini ilikuwa ya kweli, ndiyo maana tuliweza kufanya kitu. Usije ukaniogopea tena machozi. Uongo ndio wa kuogopa, hata ule wa kumfariji mama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Hutaki kuja kuona?"

"Nitakuja," akasema Mama, akirudisha kitambaa chini ya sindano. "Acha nimalize pindo hili kwanza."